Mji Uliohama Mita Mia Mbili

Kondoa ina mapango mangapi yenye michoro ya kale? Eneo lenyewe linajulikana dunia nzima. Liliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, lina ukubwa wa kilomita za mraba 2,336, na kwenye kuta za miamba yake kuna twiga, tembo, pofu na watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu. Mary Leakey alikwenda kunakili michoro hiyo mwaka 1951 na kuichapisha katika kitabu mwaka 1983. Lakini kuhusu idadi, maelezo rasmi ya UNESCO yanatoa makadirio: kati ya mapango 150 na 450.

Tofauti hiyo ni kubwa mno. Maana yake ni kwamba ndani ya eneo linalolindwa kwa mkataba wa kimataifa huenda kuna mamia ya kuta zilizochorwa ambazo hakuna ofisi inayoweza kuzionyesha kwenye ramani. Mlinzi hawezi kuzizungukia. Mpima barabara hawezi kuzikwepa. Siku moshi wa kuni au mkono wa mtu utakapofuta mchoro mmoja, hakuna orodha itakayoonyesha kwamba umepungua mmoja.

Kondoa ni mfano wa wazi kwa sababu ni maarufu. Kwingineko hali ni hiyo hiyo. Habari za mahali pa kale Afrika Mashariki hazikosekani, zimetawanyika. Nyingine zimo kwenye viambatisho vya tasnifu zilizoandikwa vyuo vikuu vya ng'ambo, nyingine kwenye kadi za makumbusho, nyingine kwenye ripoti za msimu mmoja wa uchimbaji, nyingine kwenye daftari za watafiti waliokwisha kufariki. Thomas Wilson, kwa mfano, aliyapitia magofu ya pwani ya Kenya kaskazini mwa Mto Tana na kuandika ripoti yake mwaka 1978, akafuatisha nyingine ya pwani ya kati na ya kusini. Ni kazi ambayo kila anayechimba Lamu bado huirejea. Lakini ofisa wa ardhi wa kaunti anayepitisha ramani ya viwanja leo hana sababu ya kujua kwamba ripoti hizo zipo, sembuse kuzifungua.

Wataalamu wenyewe waliliona tatizo hili mapema. Mwaka 1971 Charles Nelson alipendekeza utaratibu mmoja wa kuzipa namba sehemu zote za kale barani Afrika, na hadi leo Kenya na Tanzania bado zinautumia. Wazo lake ni rahisi mtu akilifuata hatua kwa hatua. Bara zima linakatwa vipande vya mraba, kila kimoja nyuzi sita kwa sita, vikapewa herufi kubwa. Kila kipande kinakatwa tena mistari 24 kwa 24, kila mmoja dakika 15, ikapewa herufi ndogo kuanzia a hadi x. Kwa hiyo kilima cha Lukenya, kusini-mashariki ya Nairobi, kina sehemu inayoitwa GvJm22. G ni safu inayoanzia nyuzi 4 kaskazini ya ikweta na kuishia nyuzi 2 kusini. V ni mstari wa 22 ndani ya safu hiyo. J inaanzia longitudo 34 mashariki. M ni mstari wake wa 13. Namba 22 ni zamu ya kusajiliwa tu. Kwa njia hiyo hiyo pango la Mlambalasi mkoani Iringa, jirani na alipozikwa Mtwa Mkwawa, linajulikana kama HwJf-02.

Jambo zuri ni kwamba mraba wa dakika 15 ndio ukubwa wa karatasi moja ya ramani za serikali za kipimo cha 1:50,000. Aliyeona herufi nne alijua avute karatasi gani kabatini. Kwa zama za kalamu na droo, hiyo ilikuwa hatua kubwa.

Ila karibu na ikweta mraba huo una upande wa kilomita 28 hivi, yaani zaidi ya kilomita za mraba 700. Herufi hizo zinakufikisha wilayani, hazikufikishi pangoni. Sehemu iliyobaki ya safari ilitegemea maneno: nusu saa kwa miguu kutoka shuleni, upande wa kushoto wa njia, chini ya mbuyu mkubwa. Shule huhamishwa na njia hubadilika. Mbuyu nao huanguka.

Hapo ndipo programu za ramani zilipobadilisha kazi. Ndani ya programu ya namna hii, kila mahali pa kale pana vitu viwili vilivyofungwa pamoja: umbo lake juu ya ramani na mstari wake kwenye jedwali. Ukibofya umbo, unaona pamepatikana nini, vigae vya aina gani, mavi ya chuma au zana za mawe, nani alipaona, mwaka gani, pana hali gani. Na ukianza kutoka kwenye jedwali, ukauliza ni wapi penye mavi ya chuma na vigae vya kabla ya mwaka 1000, ramani inawasha mahali pote panapojibu swali hilo. Juu yake unaweza kuweka tabaka nyingine kama karatasi nyembamba za kunakilia: mito, udongo, barabara mpya, mipaka ya vijiji, picha za satelaiti, ramani za zamani za wakoloni. Swali ambalo zamani lilihitaji mwezi mzima wa kufunua mafaili linajibiwa kabla chai haijapoa.

Kwa muda mrefu programu hizo ziliuzwa kwa leseni ghali ambazo makumbusho ya mkoa isingeweza kuota kuzilipia. Mwaka 2002 Gary Sherman, akiwa Alaska, alianza kuandika programu ya bure ambayo leo inaitwa QGIS. Toleo lake la kwanza kamili lilitoka Januari 2009. Sasa mwanafunzi wa akiolojia anaweza kuipakua kwenye kompyuta ya kawaida bila kulipa senti, na programu dada yake ya simu, QField, inamwezesha kubeba ramani ile ile shambani, akarekodi mahali hata pasipo na mtandao na kuunganisha kazi yake na ya wenzake atakaporudi. Kwa nchi zetu, hakuna badiliko moja katika fani hii lililokuwa na uzito zaidi ya hilo la bei kushuka hadi sifuri.

Hata hivyo programu ya bure haimfanyii mtu uamuzi, na uamuzi wa kwanza unaofanywa vibaya mara kwa mara ni umbo. Wengi huanza kwa kuweka nukta. Nukta ni nyepesi: unasimama, simu inasoma, unahifadhi. Lakini Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa kaskazini mwa Tanzania, si nukta. Ni mashamba yaliyozungushiwa mawe na mifereji ya kumwagilia yaliyoenea kwa kilomita za mraba zipatazo 20, kazi ya wakulima walioishi pale karne kadhaa zilizopita na kisha wakaondoka. Ukiiweka Engaruka kama nukta moja, mkandarasi atakayechora barabara mita 800 kutoka kwenye nukta hiyo ataamini amekwepa, kumbe anapasua mashamba katikati.

Kuna upande wa pili wa kosa hilo hilo. Thimlich Ohinga, boma maarufu la mawe yaliyopangwa bila udongo huko Migori, liliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018, na watalii huliona kama kitu kimoja cha pekee. Kumbe katika ukanda huo wa Ziwa Victoria utafiti umeorodhesha maboma 521 ya mawe katika sehemu 138. Hapo ramani inafanya kazi kinyume na ya Engaruka: inatoa kimoja kinachong'aa na kukirudisha kati ya ndugu zake, ili mtu aone kwamba ujenzi huo ulikuwa desturi ya eneo zima.

Kosa la pili ni la hila zaidi, nalo ndilo linalohamisha miji. Koordineti, yaani namba za latitudo na longitudo, zinaonekana kama ukweli usio na shaka. Namba hizo hazina maana mpaka ujue zimehesabiwa kwa datamu ipi, yaani kwa umbo gani la dunia na kitovu kipi mpimaji alianza nalo. Ramani za karatasi za Kenya, Uganda na Tanzania zilichorwa kwa datamu iitwayo Arc 1960. Simu na vifaa vya GPS vinatumia nyingine, WGS84. Namba zile zile zikisomwa kwa datamu isiyo yake, mahali husogea. Karibu na ikweta msogeo unapita mita 300. Kwenye latitudo ya Kilwa ni mita mia mbili na ushei.

Mita mia mbili zinaonekana chache kwa aliye ofisini. Songo Mnara, mji wa mawe wa karne ya 14 na ya 15 kwenye kisiwa kilicho kusini mwa Kilwa Kisiwani, unatosha kuvukwa kwa miguu kwa dakika chache. Chukua koordineti zake kutoka karatasi ya zamani, zichapishe kwenye programu bila kuieleza datamu, na katikati ya mji panaweza kuvuka ukuta wake na kuangukia kwenye mikoko. Programu haitalalamika. Ramani itapendeza. Na ofisa atakayeulizwa kama kuna malikale kwenye kiwanja fulani atajibu kwa uaminifu kabisa kwamba hakuna.

Ajabu ni kwamba makosa makubwa si ya hatari sana. Ramani za nchi hizi hutumia pia gridi ya mita iliyogawanywa katika kanda, na mpaka wa kanda mbili unapita kwenye longitudo 36, mashariki kidogo ya jiji la Dodoma, si mbali na Kondoa. Aliyekosea kanda wakati wa kuingiza namba za pango la Kolo, huko Kondoa, ataliona limetua ndani ya Bahari ya Hindi, na atalirekebisha asubuhi hiyo hiyo. Kosa la mita mia mbili halina wa kulishtukia. Linaweza kukaa kwenye kanzidata miaka na kunakiliwa kutoka ripoti moja hadi nyingine, mpaka likawa ndiyo rekodi.

Kuna pia kosa lililofungwa kwenye tarehe. Hadi Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikichafua kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, hata kipimo kikaweza kupotoka kwa mita 100 hivi. Utafiti wote wa miaka ya 1990 uliotumia vifaa hivyo bila marekebisho umebeba kasoro hiyo. Hakuna ubaya katika kuuhifadhi. Ubaya ni kuuhifadhi bila kusema.

Ndiyo maana katika jedwali zima, lenye majina ya vijiji na aina za vigae na tarehe na picha, safu mbili zinastahili kulindwa kuliko nyingine zote. Ya kwanza ni chanzo: habari hii imetoka wapi. Ya pili ni usahihi: je, mahali hapa panajulikana kwa mita tano, kwa mita mia tatu, au kwa kata tu? Wasimamizi wengi wa rekodi huziacha tupu kwa haraka ya kujaza ramani. Afadhali kanzidata yenye mahali 200 panapoeleza panajulikanaje kuliko yenye nukta 2,000 zinazofanana zote na zinazodanganya kwa pamoja.

Kazi hii ngumu inalipa nini? Jibu zuri liko Pemba. Kwa muda mrefu historia ya pwani iliandikwa kwa kufuata mawe: msikiti huu, jumba lile, makaburi yale yenye minara. Jeffrey Fleisher, aliyefanya utafiti wake kaskazini mwa Pemba, alikwenda kwa njia nyingine. Alipita mashambani kwa mistari iliyopangwa, akichimba vishimo vidogo vya koleo kwa umbali maalumu, na kuweka kila kilichopatikana, na kila mahali ambapo hapakupatikana kitu, kwenye ramani. Picha iliyotokea hakuna gofu lolote peke yake lingeweza kuitoa. Kati ya karne ya 7 na ya 10 kulikuwa na vijiji vingi vilivyotawanyika, pamoja na makazi makubwa ya Tumbe. Kuanzia karne ya 11, mji wa Chwaka ulipokua jirani na Tumbe, vijiji vile vilipungua sana. Watu wa shamba walihamia mjini. Mji wa Waswahili, kwa ushahidi huo, ulijengwa na majirani zake wa mashambani, waliofunga virago na kuja kuishi pamoja.

Angalia kwamba hoja hiyo inasimama juu ya vishimo vitupu. Mahali pasipo na kitu napo ni jibu, ila kwa sharti kwamba mtu alipachunguza na akaandika kwamba alipachunguza. Rejista za kawaida huandika vilivyopatikana tu, na ndiyo sababu eneo tupu kwenye ramani zetu nyingi halisemi kama watu wa kale hawakuishi hapo au watafiti hawakufika.

Songo Mnara nayo ilitoa fundisho lake. Michoro ya Peter Garlake, katika kitabu chake cha mwaka 1966 kuhusu usanifu wa Kiislamu wa pwani ya Afrika Mashariki, ilionyesha nyumba za mawe na misikiti, na kati yake karatasi nyeupe. Miongo kadhaa baadaye Fleisher na Stephanie Wynne-Jones walirudi na vifaa vya kupima usumaku wa ardhi, wakapita juu ya karatasi nyeupe ile, mita kwa mita, na kuviweka vipimo juu ya ramani ya mji. Usumaku ulionyesha alama mahali ambapo jicho halikuona kitu, na uchimbaji ulipofuata ukakuta mabaki ya nyumba za miti na udongo. Wakazi ambao hawakujenga kwa matumbawe na chokaa walirudi kwenye ramani ya mji wao.

Sasa swali linalozua ubishi kila linapotajwa: nani aione ramani hii?

Wapo wanaotaka yote yawe wazi kwenye mtandao, kwa kuwa malikale ni mali ya umma. Hoja ina heshima yake. Lakini wenyeji wa pwani ya Kenya wanajua upande mwingine. Vigango, nguzo za mti zilizochongwa ambazo Wamijikenda huwasimamishia wazee wao waliofariki, viliibwa kwa miaka mingi na kuuzwa, vikaishia kwenye makusanyo na makumbusho ya Marekani. Baadhi tu vimerudishwa Kenya. Mwizi akipewa koordineti za mita tano hahitaji tena dalali wa kijijini. Misitu mitakatifu ya kaya, iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2008, ina sehemu ambazo wazee hawaruhusu mgeni kuzikanyaga, na kuziweka kwenye simu ya kila mtu ni kuwavunjia heshima hata pasipokuwa na wizi. Kondoa nako, Mungomi wa Kolo bado ni mahali pa matambiko kwa Warangi.

Kwa bahati, programu hazilazimishi kuchagua kati ya siri kamili na uwazi kamili. Rejista moja inaweza kumwonyesha mlinzi wa malikale mahali kamili, ikamwonyesha ofisa wa ardhi eneo la tahadhari lenye upana wa mita kadhaa kuzunguka mahali hapo, na mwananchi wa kawaida ikamwonyesha kata tu. Mfumo wa rejista za malikale uitwao Arches unaruhusu hilo. Ulizaliwa na kazi ambayo Getty Conservation Institute na World Monuments Fund walikusudia kwa ajili ya Irak baada ya vita vya mwaka 2003, ikaanzia Jordan kwa kushirikiana na Idara ya Malikale ya nchi hiyo. Toleo la kwanza la Arches lilitolewa bure mwaka 2013. Mradi wa MAEASaM, unaoratibiwa kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge na kuhusisha nchi kadhaa za Afrika zikiwemo Kenya na Tanzania, unautumia mfumo huo kukusanya rekodi za zamani pamoja na mahali papya panapoonekana kwenye picha za satelaiti.

Ni kazi njema, na inastahili kuungwa mkono. Lakini rejista ya nchi nzima, hata iwe bora kiasi gani, iko mbali na mahali ambapo malikale hufa. Kigae hakiharibiwi na sera. Huharibiwa na shimo la msingi, na ruhusa ya kuchimba shimo hilo hutolewa wilayani.

Uingereza ilifika huko kwa safari ndefu. Mwaka 1920 idara ya ramani ya serikali, Ordnance Survey, ilimwajiri O.G.S. Crawford kuwa ofisa wake wa kwanza wa akiolojia, ili mahali pa kale paonyeshwe sawasawa kwenye ramani za taifa. Baadaye kaunti zenyewe zilianza kutunza rejista zao, kwanza kwa kadi, kisha kwa kompyuta. Kilichozipa meno ni mwongozo wa serikali wa mwaka 1990, ulioelekeza mamlaka za mipango kuyazingatia mabaki ya kale kabla ya kutoa kibali cha ujenzi. Kuanzia hapo mwombaji wa kibali alijua ataulizwa, na gharama ya kuchunguza ikawa yake. Rejista ya kaunti ikawa chombo cha kazi cha kila siku: ombi linaingia, mpaka wa kiwanja unawekwa juu ya ramani, jibu linatoka.

Afrika Mashariki ina sheria zinazotosha kuanzia. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1886 na vifaa vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, bila kungoja kila kimoja kitangazwe. Miradi mikubwa hutakiwa kufanya tathmini ya athari kwa mazingira, na ndani yake urithi wa utamaduni. Reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, bandari mpya ya Lamu ambayo gati lake la kwanza lilianza kazi mwaka 2021, bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani karibu na Tanga: njia za namna hii huwalazimisha wataalamu kutembea mahali ambapo hakuna mtafiti angepata ruzuku ya kutembea. Kila tathmini ni utafiti mpya wa ardhi. Inasikitisha kwamba matokeo yake, mara nyingi, huwa kurasa zilizobanwa kwenye jalada, koordineti zikiwa zimechapishwa kama picha ambayo hata kompyuta haiwezi kuisoma. Sharti moja la kwamba kila ripoti ije na faili lake la ramani, lenye datamu iliyotajwa, lingeijaza rejista ya wilaya bila kuongeza safari hata moja ya utafiti.

Vijana wa kuifanya kazi hii wapo. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulianza kuwatuma wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenyeji wa mitaa, kuchora mifereji, nyumba na njia za maji katika kata zinazofurika Dar es Salaam. Kazi yao iko wazi kwenye OpenStreetMap. Mwaka uliofuata Zanzibar ilianza kupiga picha Unguja na Pemba kwa droni, Kamisheni ya Ardhi ikishirikiana na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Picha hizo zilikusudiwa kwa mipango ya ardhi. Mwanaakiolojia anayezitazama anaona kingine: kuta zilizozama kwenye minazi, na kingo za fukwe zinazomegwa na bahari karibu na magofu. Ujuzi upo, picha zipo, programu ni za bure. Kinachokosekana ni nafasi moja ya ajira katika halmashauri, kwa mtu mmoja ambaye kazi yake imeandikwa kuwa kuitunza rejista hiyo na kuijibu meza ya ardhi.

Mtu huyo hatafanya kazi peke yake, maana wanaojua mahali penyewe ni wengine: mkulima ambaye jembe lake hugonga vigae kila masika, mvuvi anayejua ni ufuko gani unatoa shanga baada ya maji makuu, mchimba mawe ya chokaa, mwalimu wa shule ya msingi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu makumbusho na urithi inamtaka yeyote anayegundua kitu cha kale atoe taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7, akionyesha mahali hasa alipokiona. Wakati sheria hiyo inatungwa, kuonyesha mahali hasa kulimaanisha kumpeleka ofisa kwa miguu. Leo mkulima wa Kilifi au wa Kilwa mwenye simu ya kawaida ya kisasa anaweza kutuma picha na koordineti zake kutoka kwenye tuta la muhogo, kwa datamu sahihi bila hata kujua jina lake. Halmashauri inayotaka kuanza inaweza kuanza na namba moja ya simu iliyobandikwa kwenye ofisi ya kila kijiji, kompyuta moja yenye QGIS, na fomu yenye maswali sita: ni nini, kiko wapi, umejuaje, usahihi wa mita ngapi, kina hali gani, na nani amefika mara ya mwisho.